Noah Inakataa Gia? Cheki Hivi Vitu Kabla Uambiwe "Giaboksi Imekufa"

Kuna sentensi moja inaweza kumaliza akiba ya msee wa Wendani kwa dakika mbili: "Buda, hii giaboksi imekufa. Tafuta ingine." Ukishaambiwa hivyo, kinachofuata ni kupigia mabeshte simu, kukopa kwa chama na kupanda mathree ya kuenda Kirinyaga Road kutafuta giaboksi ya ex-Japan.

Saa zingine ni ukweli, giaboksi imeisha. Lakini mara mob shida ni oili imepungua, swichi ya breki imechapa, ama kuna kitufe mtoto alifinya akichezea gari. Hizo zote unaweza kuzicheki hapo chini ya ploti, na tochi, kitambaa safi na nusu saa ya subira.

Na hizi ndai za familia ndizo tunabonga juu yake: Noah, Voxy, Wish, Sienta, Serena, Stepwgn. Asubuhi inapeleka watoto shule, mchana inabeba mzigo wa duka kutoka Ruiru, wikendi inabeba mbogi nzima kuenda ruracio. Ikilala, si gari tu imelala, ni wera ya mtu imelala. Pia kumbuka Kenya inakubali gari iliyotumika iingie nchini kabla ipitishe miaka 8. Kwa hivyo ndai yenye namba ya KB ilifika hapa ikiwa na umri wake tayari, na ikaongezewa miaka mingine kadhaa ya foleni ya Githurai na Roysambu. Giaboksi yake ni mzee. Mzee hachapwi haraka, anaulizwa kwanza anaumwa wapi.

Rada ni moja: anza na kitu cha bure, fuata cha bei ya chini, halafu ndio ufike kwa kitu ghali. Usiruke hatua.

HATUA YA KWANZA: JUA UKO NA GIABOKSI GANI

Otomatiki si moja. Kuna ile ya gia za kawaida, nne ama tano, inabadilisha moja baada ya nyingine na unaisikia. Halafu kuna CVT, ambayo haina gia za kuhesabu. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Ukikanyaga, injini inalia sauti moja na gari inaongeza mwendo polepole bila kushtuka. Msee asiyeijua anaweza kudhani inateleza, kumbe ndivyo ilivyoundwa.

Hiyo tofauti ni muhimu juu oili zake haziingiliani, na dalili zake si sawa.

Kujua ni rahisi. Kwa Toyota, fungua boneti ama mlango wa mbele utafute kibati chenye namba ya chesisi. Kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE. Kwa hizi ndai, code ikianza na K, kama K111 ama K112, hiyo ni CVT. Ikianza na U ama A, kama U341E, hiyo ni ya gia za kawaida. Kwa Nissan, ukiona RE0F10A, hiyo ni CVT, na ndiyo iko kwa Serena C25 nyingi.

Usiende na jina la gari pekee. Noah za mwanzo za 2001 zilikuja na gia 4, lakini zilipofanyiwa marekebisho 2004 zikawekwa CVT. Wish ya kwanza yenye injini ya 1.8 ni gia 4, lakini ya 2.0 ni CVT. Jirani yako anaweza kuwa na Noah kama yako kabisa kwa macho, na ushauri wake ukauwa yako. Piga hicho kibati picha, uweke kwa simu.

HATUA YA PILI: OILI KABLA YA KILA KITU

Otomatiki inaishi kwa oili. Si ya kulainisha tu. Ndani kuna pampu inayozungushwa na injini, na pampu hiyo inasukuma oili kwa presha ndio klachi za ndani zibane. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa, presha inashuka, klachi zinateleza, joto linapanda, na klachi zinaanza kuungua. Unaona vile kitu kidogo kinageuka ngori.

Kucheki kwa Toyota yenye dipstiki, fanya hivi:

1. Endesha gari kama dakika 15 mpaka ipate moto vizuri, kisha paki mahali tambarare. Ile ramp ya kuingia ploti haihesabiki.

2. Acha injini ikiwaka, vuta hendibreki, kanyaga breki. Pitisha mkono wa gia kutoka P mpaka mwisho, ukae sekunde chache kila mahali, kisha urudi P.

3. Injini bado ikiwaka, toa dipstiki, pangusa na kitambaa kisichotoa nyuzi, rudisha mpaka chini, toa tena. Soma upande umeandikwa HOT. Ule wa COOL ni wa kukadiria tu gari ikiwa baridi.

Honda ni tofauti. Ipashe moto, uizime, kisha upime ndani ya dakika moja hivi. Ukipima Honda kama Toyota, utasoma uongo.

Kama huoni dipstiki ya giaboksi, usishangae na usiitafute siku nzima. Toyota kadhaa zenye CVT ama zinazotumia oili ya WS hazina. Zinapimwa kutoka chini kwa boliti maalum, oili ikiwa kwa joto fulani. Serena nayo iko na dipstiki, lakini mfuniko wake umefungwa kwa klipu. Hizo za kupimwa kutoka chini mwachie fundi mwenye vifaa.

Sasa cheki rangi na harufu. Dondosha tone moja kwa tishu nyeupe.

Nyekundu na unaona ndani yake: iko fiti.

Kahawia lakini haina harufu mbaya: imezeeka, panga kubadilisha.

Nyeusi na inanuka kama kitu kimeungua: klachi za ndani zimeshaumia. Oili mpya inaweza kusaidia kidogo, lakini haitarudisha kilichoungua.

Pinki ya maziwa kama strawberi ya maziwa lala: maji ya rediaita yameingia. Kwa gari nyingi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rediaita, na ukuta wa ndani ukitoboka vitu viwili vinachanganyika. Zima gari, usiendeshe hata mpaka steji. Maji yanaharibu klachi haraka.

Vipande vya chuma vinavyong'aa: hapo ni noma, tafuta fundi wa giaboksi.

Kumbuka si kila oili ya CVT ni nyekundu. NS-2 ya Nissan ni ya kijani. Usipigwe chenga uambiwe imeharibika juu ya rangi tu.

KAMA OILI IMEPUNGUA, IMEENDA WAPI?

Giaboksi haichomi oili kama injini. Ikipungua, inavuja. Usiku weka katoni kubwa chini ya gari, asubuhi ucheki tone limeanguka wapi. Nyekundu yenye utelezi ni ya giaboksi ama ya pawa stiaringi. Nyeusi ni ya injini. Maji safi chini ya upande wa abiria ni ya AC, lenga. Ila kaa macho: kulanti ya Toyota pia huwa nyekundu ama pinki. Ishike na vidole. Kulanti inahisi kama maji na inanuka utamu, oili inateleza na kubaki kwa ngozi.

Ukiongeza, ongeza kidogo kidogo kupitia paipu ya dipstiki, upime kila mara. Usijaze kupita alama. Oili ikizidi inapigwa na vyuma vinavyozunguka, inafanya povu, na povu haina presha. Unarudi pale pale kwa kuteleza.

HATUA YA TATU: DALILI YAKO NI GANI?

Gia haitoki P. Kabla ulie, mwambie mtu asimame nyuma, wewe ukanyage breki. Taa za breki zinawaka? Kama haziwaki, giaboksi haina makosa. Gari hukataa kutoka P mpaka ijue umekanyaga breki, na habari hiyo inatoka kwa swichi ndogo juu ya pedali. Cheki fyuzi ya taa za breki, kisha hiyo swichi. Kutoka hapo kwa dharura, vuta hendibreki, kanyaga breki, finya kitufe kimeandikwa SHIFT LOCK karibu na mkono wa gia, kisha usogeze. Toyota zingine zina kifuniko kidogo unachobonyeza na ufunguo. Lakini rekebisha taa haraka. Bila taa za breki Thika Road, aliye nyuma yako hana habari unasimama.

Haiwaki kwa P lakini inawaka kwa N. Hiyo ni swichi inayoambia gari iko kwa gia gani, ama kebo ya mkono wa gia imelegea. Ni shida ya nje ya giaboksi. Hakuna kufungua kitu kikubwa.

Barabarani injini inalia sana na mafuta yanaisha haraka. Kwa zile za gia 4, cheki dashibodi. Kuna taa imeandikwa O/D OFF? Kama imekaa bila kupepesa, kuna mtu alifinya kitufe kwa mkono wa gia na kuzima gia ya juu kabisa. Finya tena, imeisha. Hiyo ndiyo ripea ya bei ya chini zaidi Kiambu yote. Lakini ikipepesa, kompyuta ya giaboksi imepata shida na inakuita. Hapo unahitaji skana.

Inachelewa kuingia D ama R. Ukitoka N kuingia D, hesabu. Kwa otomatiki zake nyingi za gia 4, Toyota hufundisha mafundi kwamba D ishike chini ya sekunde 1.2 na R chini ya 1.5, injini ikiwa moto. Ikichukua sekunde tatu nne, cheki oili kwanza. Ikiwa asubuhi tu inachelewa na ikipata moto iko sawa, mara mob ni oili iliyozeeka ama sili za mpira za ndani zilizokauka.

Inagonga "du!" ukiweka gia. Inaweza kuwa presha ya ndani, lakini cheki maunting za injini kwanza. Mpira wake ukikatika, injini inaruka na unadhani giaboksi imevunjika. Mwambie mtu akanyage breki kabisa, hendibreki juu, abadilishe D na R bila kukanyaga mafuta, wewe ukiangalia injini kutoka pembeni, sio mbele ya gari. Ikiruka kama inataka kutoka, umepata mwizi. Cheki pia kama injini inazunguka juu sana ikiwa imesimama, juu hiyo pia huleta kishindo.

Mshale wa RPM unapanda na gari haiendi. Huko ndiko kuteleza. Oili ikiwa chini, ongeza ile sahihi na uangalie. Oili ikiwa sawa lakini imeungua, wacha kuendesha. Kila kilomita unaongeza bili.

Imekwama gia moja, haina nguvu kupanda. Kompyuta ikiona hitilafu, inaweza kushikilia gia moja ndio ufike nyumbani bila kuharibu kitu. Chanzo mara nyingi ni umeme: sensa ya mwendo, solenoidi, waya uliokatwa na panya ama plagi yenye maji. Anza na betri. Taminali zikiwa na ule unga mweupe ama zimelegea, zioshe na uzikaze. Volteji ikicheza, kompyuta inachanganyikiwa.

Inatetemeka ukipanda mlima. Usikimbilie giaboksi. Koili ama plagi ya injini iliyochoka hufanya gari itetemeke vile vile, hasa ukikanyaga. Plagi ni bei nafuu kuliko giaboksi, anza nazo. Lakini ikiwa ni CVT na plagi ni mpya, mkanda ama oili inaweza kuwa shida.

SKANA: SIKIZA, LAKINI USIAMINI KILA KITU

Kile kiskana kidogo cha Bluetooth kinaweza kukusaidia, ila ndai nyingi za Japani za zamani hazielewani nacho vizuri. Kikikataa, fundi mwenye skana kubwa anaweza kusoma.

Code ya P0700 inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina malalamiko, tafuta code ingine. P0715 ni habari ya sensa ya kuzunguka kwa ndani. P0750 ni solenoidi ya kwanza ya kubadilisha gia. P0741 inahusu klachi ya toki konveta, ile ngoma yenye oili inayounganisha injini na giaboksi. Hakuna code hata moja hapo inayosema "nunua giaboksi". Code inakuonyesha mtaa, si nyumba. Bado lazima mtu apime waya, plagi na oili.

OILI: HAPA NDIPO WENGI HUCHOMEKA

Duka linaweza kukuambia "ATF ni ATF". Lenga huyo. Toyota ya gia 4 ya miaka hiyo kwa kawaida inataka Type T-IV, na jina limeandikwa kwa dipstiki yenyewe. WS ni nyepesi zaidi, ni ya giaboksi zingine, na hizo mbili hazichanganywi. CVT za Toyota zinataka TC ama FE, kulingana na modeli. Serena C25 inataka NS-2. Honda za gia zinataka Z1 ama DW-1 iliyokuja kuchukua nafasi yake. Kwa CVT, oili ndiyo inasaidia mkanda wa chuma ushike puli. Ukiweka ATF ya kawaida, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na hapo hakuna kurudi nyuma.

Ukibadilisha, jua kwamba kumwaga kwa boliti ya chini hutoa sehemu tu. Nyingine inabaki ndani ya toki konveta. Kwa hivyo pima ile iliyotoka, rudisha kiasi hicho hicho, kisha urudie baada ya wiki chache. Ni poa kuliko kusukuma oili yote kwa mashine ya presha kwa giaboksi ya mzee ambayo haijawahi fanyiwa sevisi. Uchafu uliokuwa umelala unaweza kuamka na kuziba vijia vidogo vya valvu.

Na usalama si mchezo. Usiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake, hata dakika moja. Tumia stendi, ziba magurudumu na mawe, na mahali pawe tambarare. Oili iliyotoka barabarani inachoma ngozi, ngoja ipoe. Ile chafu usimwage kwa mtaro. Mvua ikinyesha, mtaro wa Wendani unaishia mtoni, na chini ya mto kuna watu. Weka kwa mtungi, peleka gereji inayokusanya oili chafu.

UKIFIKA KWA FUNDI, INGIA NA MASWALI

Kuna kazi si za chini ya ploti: kufungua giaboksi, kubadilisha toki konveta, kutafuta maji yanaingilia wapi. Lakini usiende mikono mitupu. Andika kwa simu: shida inakuja gari ikiwa baridi ama moto? Kwa gia gani? Oili ilikuwa rangi gani? Taa gani iliwaka? Mtu mwenye majibu hayo si rahisi kuchezwa.

Halafu uliza kwa heshima: "Fundi, umepima presha ya oili? Code ni gani? Unaweza nionyesha oili iliyotoka na sumaku ya ndani ya sampu?" Unga laini kidogo kwa sumaku ni kawaida. Vipande si kawaida. Fundi mzuri hataudhika, atafurahi unaelewa. Anayekasirika kwa swali moja kabla hata afungue boneti, salimia uende.

Ikibidi ununue giaboksi ya ex-Japan, beba ile picha ya kibati. Code zilingane zote, si herufi za kwanza pekee. Patana garanti ya kujaribu na iandikwe kwa risiti. Na oili mpya sahihi iwekwe siku hiyo hiyo.

Mwisho, gari ikikataa kabisa barabarani, usikubali ivutwe na kamba kutoka Roysambu mpaka nyumbani. Pampu ya giaboksi inazungushwa na injini, si magurudumu. Injini ikizima, vyuma vinazunguka bila oili na unaua kilichokuwa kizima. Noah na Wish za kawaida huvuta kwa magurudumu ya mbele, kwa hivyo brekidauni iinue mbele. Ikiwa ni ya magurudumu manne, ibebwe yote juu. Na wale vijana watajitolea kuisukuma ndio iwake, waambie asanteni. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa.